Arusha kwa Siku Tatu: Mwongozo Kamili wa Mtanzania Anayekuja Kutembea

Shangazi yangu alipokuja Arusha mara ya kwanza alishuka stendi saa mbili usiku, mwezi wa saba, amevaa dera na kandambili. "Baba, hii bado ni Tanzania au wamenivusha mpaka?" aliniuliza huku meno yakigongana. Usiku ule alilala na mablanketi mawili na soksi zangu za kuchezea mpira.

Tangu hapo nimeshapokea ndugu wengi, wa Dar, wa Tanga, wa Mwanza, na karibu wote huanza na makosa yaleyale. Hawabebi sweta. Wanaamka saa tatu. Wanazunguka madukani mpaka miguu inauma, halafu wanarudi kwao wakisimulia kwamba Arusha ni mji wa kupitia tu, watu wanakokwenda ni Ngorongoro. Nimechoka kubishana nao mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: Arusha inaenda kwa saa ya Mlima Meru. Alfajiri mlima unakuwa wazi, mweusi, umekusimamia kichwani kama mlinzi. Ikifika saa nne au saa tano mawingu yanaufunga, na mara nyingi hauonekani tena mpaka jua linapokaribia kuzama. Mgeni anayeamka saa tatu anaweza kukaa siku tatu asijue kwamba kuna mlima wa mita 4,566 nyuma ya lodji yake. Kwa hiyo panga hivi: asubuhi iwe ya milima, maziwa na wanyama, mchana, mlima ukishajifunga, iwe ya makumbusho na masoko, jioni iwe ya nyama.

Hatua ya kwanza: mwezi, sweta na kitambulisho

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Njia za vumbi zinakuwa tope, mlima unajificha siku nzima, ila vyumba vinashuka bei. Juni na Julai hakuna mvua ya maana lakini kuna baridi na mawingu mazito ya asubuhi. Kama una uhuru wa kuchagua, njoo Septemba au Oktoba, au Januari na Februari, wakati mbingu ziko safi. Desemba uepuke ukiweza. Sikukuu inapokaribia Wachagga wote wa nchi hii wanarudi nyumbani, na tiketi ya basi la kaskazini inatafutwa kama dawa.

Mji uko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata mwezi wa joto usiku utataka kitu cha kujifunika. Beba sweta moja nzito, viatu vya kufunika vidole na koti jepesi la mvua. Mizigo yako usiifunge kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Kitambulisho cha NIDA kibebe chenyewe. Usitegemee picha yake kwenye simu. Hifadhi zetu zina viwango vya Mwafrika Mashariki na vya mgeni wa nje, na tofauti kati yake ni kubwa mno. Nimemwona baba mmoja getini akiapa kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya, kwamba yeye ni Mtanzania. Askari alimsikiliza kwa heshima zote na akaendelea kuomba kitambulisho.

Hatua ya pili: kufika

Kwa basi kutoka Dar unaondokea Kituo cha Magufuli, Mbezi, kisha Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi. Ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo hesabu siku nzima barabarani. Omba kiti cha dirishani upande wa kulia. Watu hawaambiwi jambo hili, lakini ukikaa kulia unapata Usambara, unapata Upare wote, unapata Kilimanjaro kama haina mawingu, na mwisho Meru. Ukikaa kushoto unapata mikonge na jua la mchana usoni.

Nauli elekezi hutangazwa na LATRA, basi iangalie kabla ya kukata tiketi, na ukate ofisini au kwenye mtandao wa basi lenyewe. Mimi niliwahi kukatiwa na kijana aliyenidaka mkono getini. Kiti changu nikakuta kina mama na mtoto, wana tiketi halali kuliko yangu, na nikasafiri hadi Korogwe nimekalia ndoo.

Wa Dodoma wanapita Kondoa na Babati, na wa Mwanza wanapita Singida hadi Babati hiyohiyo. Wote wanaingia mjini kwa upande wa Kisongo. Treni ya Dar ilirudi Arusha mwaka 2020 baada ya kupotea miaka mingi. Inatembea usiku kucha, taratibu, na watoto wanaipenda kupita kiasi. Haina safari kila siku, kwa hiyo ulizia stesheni kabla ya kupanga likizo juu yake.

Ukija kwa ndege soma tiketi vizuri. JRO ni KIA, kiwanja kikubwa cha Kilimanjaro kilichoko kama kilomita 50 kutoka mjini, njia ya Moshi. ARK ni kiwanja kidogo cha Kisongo, karibu kabisa na mji. Binamu yangu alituma gari Kisongo wakati yeye yuko KIA, na teksi ya kumfuata ikamtoa hela nyingi kuliko alizopanga kulalia.

Hatua ya tatu: pa kulala

Lodji za bei ya chini ziko Kaloleni na Levolosi, karibu na stendi. Zinafaa kwa mtu anayefika usiku na kuondoka alfajiri, ila kelele ni zile za stendi. Ukikaa siku tatu, tafuta Sekei au Sanawari, ambako unaweza kutembea kwa miguu hadi katikati ya mji, au Njiro kama mna gari na watoto.

Usilipe kabla hujauliza maswali mawili. La kwanza: maji ya moto yapo, na yanatoka saa ngapi? Fungua bomba mwenyewe, uweke mkono. Maji ya bomba la Arusha mwezi wa saba yanakuamsha mpaka mababu. La pili: kuna baa jirani? Mhudumu atakwambia hapana, kwa hiyo pita tena nje saa moja jioni usikilize mwenyewe.

Hatua ya nne: kutembea mjini

Daladala zetu tunaziita vifodi. Hazina siri: konda anaita mwisho wa njia, Njiro, Sakina, Moshono, Ngaramtoni, Kwa Mrombo, Tengeru, nawe unamwambia unashukia wapi. Nauli ya mjini haizidi elfu moja, na shika chenji mkononi. Konda akikuambia "chalii yangu, sogea hapo kidogo" wakati mko wanne kwenye kiti cha watatu, hakutukani. Chalii ni kijana, na hapa kila mwanaume ni chalii mpaka aote mvi. Mama mtu mzima ataitwa mama, na mara nyingi atapishwa kiti.

Bodaboda utaikuta kila kona. Patana bei kabla ya kupanda, omba kofia ngumu, na simu iwe mfukoni, maana wapo wanaopita na pikipiki wakizikwapua kwa watu waliosimama kando ya barabara wakipiga picha. Usiku chukua teksi au bajaji, au ita gari kwa programu ya simu. Njia za miguu kwenye mabonde ya mito Themi na Naura ni nzuri mchana. Giza likiingia, waachie vyura.

Hatua ya tano: siku ya kwanza, mji kwa miguu

Amka saa kumi na mbili, toka nje, mtazame Meru kwanza. Kisha tafuta mtori. Ni supu nzito ya ndizi na nyama waliyotuletea Wachagga, na kwa asubuhi ya baridi sijaona mpinzani wake. Bakuli moja na chapati moja, umefika mchana.

Anzia Mnara wa Saa, ule mdogo katikati ya mzunguko. Wenyeji watakwambia hapo ndipo katikati ya njia kutoka Cairo hadi Cape Town. Sijawahi kupima, na sidhani kama anayekwambia amepima, lakini picha unapiga tu. Hapo ndipo pia vijana watakapokuzunguka wakiuza safari, kofia na bangili. Mtanzania ana bahati: sema "niko nyumbani, kaka, asante", huku unaendelea kutembea. Ukisimama kueleza, umekwisha.

Panda Barabara ya Boma uelekee kaskazini. Inaishia kwenye Makumbusho ya Historia Asilia, ndani ya boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Watu huingia, wakatazama mafuvu na habari za binadamu wa kale, wakatoka. Mimi nakuomba usimame kwanza nje, uzitazame kuta. Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kule Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha. Boma hili ni la miezi ileile, na mikono iliyobeba mawe yake haikuwa ya hiari. Ukiwa na watoto wa shule, waeleze hapohapo ukutani. Darasani hawatalisikia hivyo.

Nyuma ya makumbusho kuna majengo marefu ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Wazee wa mjini bado wanakumbuka misafara ile ya magari na jinsi kodi za nyumba zilivyopanda. Leo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hukuhuku. Ukikuta barabara imefungwa ghafla, kuna mkubwa anapita; nunua karanga, subiri. Na usipige picha za askari wala za majengo yenye walinzi.

Teremka sasa hadi Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ni jengo dogo, la kawaida, unaweza kulipita ukidhani ni ofisi ya kata. Ndani ya ukumbi huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Ukitoka, unauona Mnara wa Mwenge kwenye mzunguko. Nilimpeleka hapo baba mdogo, mstaafu wa shirika la umma. Alisimama mbele ya picha za wajumbe kwa nusu saa, hasemi kitu, halafu akauliza kama kuna mahali pa kunywa chai. Watoto walimaliza jumba lote kwa dakika kumi. Kwa hiyo angalia unaenda na nani, upange muda kwa mtu wa polepole.

Uwanja wa mpira ulio karibu ni wa Sheikh Amri Abeid, mshairi na mwanasiasa, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Kama siku hiyo kuna mechi, ingia. Makelele ya jukwaani ni utalii tosha.

Malizia Soko Kuu, na ukiwa bado na nguvu fuata Barabara ya Sokoine hadi Kilombero. Huko ndiko mji unakokula: karoti, vitunguu, parachichi, maharage ya rangi usizowahi kuona. Pochi ivae mbele.

Soko la Wamasai na habari ya Tanzanite

Soko la Wamasai liko Barabara ya Fire, na ni vibanda vingi vinavyouza vitu vinavyofanana sana. Nilikwenda na binamu yangu Jumamosi moja. Kwa mavazi yake na miwani, muuzaji alimwanzia Kiingereza, kikapu kimoja elfu themanini. Binamu akainamisha kichwa, "Shikamoo mama." Mama yule akacheka mpaka akakaa. "Marahaba mwanangu, mbona hukusema? Basi lete elfu arobaini." Tukaondoka nacho kwa elfu ishirini na tano na bangili ya nyongeza, na wakaachana wakiitana majina.

Huo ndio utaratibu wenyewe. Anza na salamu, kabla macho hayajatua kwenye bidhaa. Zunguka vibanda vitano bila kununua, ili ujue bei zinachezea wapi. Ukishataja bei na muuzaji akaikubali, nunua. Kumkimbia mtu baada ya kukubaliana ni utovu wa adabu na watakukumbuka. Shanga zilizotungwa kwa mkono zifunue nyuma, uone uzi na vifundo. Ukiona Mmasai amesimama na mkuki wake, usimpige picha kabla hujamwomba. Salamu ya Kimasai ni "Sopa", naye ataitika "Ipa", na hiyo peke yake inafungua mlango.

Tanzanite ni habari nyingine. Jiwe hili linachimbwa Mirerani tu, wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara, si mbali na KIA, na dunia ililijua mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio. Machimbo yamezungushiwa ukuta. Atakayekufungulia karatasi ndogo mtaani na kukuonyesha kijiwe cha buluu kwa bei ya kutupa, anakuuzia chupa. Nunua dukani kwenye leseni ukutani na risiti ya mashine, au usinunue kabisa. Kuangalia ni bure na wauzaji wengi ni wakarimu.

Hatua ya sita: siku ya pili, Hifadhi ya Arusha

Hapa ndipo ninapogombana na wageni. Kila mtu anataka Ngorongoro. Ngorongoro ni nzuri, sikatai, lakini geti la Lodoare liko zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini, ukitaka kwenda na kurudi siku moja unaondoka saa kumi na moja alfajiri na unarudi usiku mifupa ikilia. Mtu wa siku tatu aende Hifadhi ya Arusha. Iko chini ya saa moja kutoka mjini: unafuata njia ya Moshi, unakata kushoto maeneo ya Usa River, na lami ikiisha umeshafika.

Vifodi haviingii hifadhini, kwa hiyo lazima mpate gari. Tafuta watu wanne au watano mchangie. Kiangazi gari la kawaida lililoinuka kidogo linaweza, lakini masika usithubutu bila gari la kuvuta magurudumu yote. Mkodishaji akutajie kwa maandishi kama bei inajumuisha mafuta, dereva, chakula cha dereva na kiingilio cha gari, maana kila kimoja hapo kinaweza kugeuka ugomvi jioni. Getini hawapokei fedha taslimu. Mnalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo kwenye simu, basi hakikisheni kuna salio kabla ya kutoka mjini.

Fikeni lango la Ngongongare saa kumi na mbili na nusu. Mita chache ndani kuna uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, na hapo zimeni gari. Asubuhi tuliyokwenda na shangazi kulikuwa na twiga saba, pundamilia wengi, na nyati waliokuwa wanatoa mvuke puani kwa baridi. Nyuma yao Meru yote, kuanzia msitu hadi jabali la juu, na upande uliobomoka ulionekana wazi. Shangazi akanong'ona kana kwamba yuko kanisani: "Kumbe kuna mlima hivi." Saa nne kamili wingu la kwanza lilikaa kileleni, na saa tano hapakuwa na kitu.

Kutoka hapo ingieni msitu wa Ngurdoto. Endesheni polepole na mtazame juu ya miti. Mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe, hukaa huko juu wakijianika, na mkia wake unauona kabla ya mwenyewe. Kreta ya Ngurdoto hairuhusiwi kushukwa. Mnasimama ukingoni na kuwaangalia nyati chini kama siafu. Halafu Maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, na ndiyo sababu heroe, wale ndege wa pinki tuliozoea kuwaita flamingo, hufika hapo, wakati mwingine wachache, wakati mwingine ziwa zima limebadilika rangi. Siku ya mbingu safi mnaiona Kilimanjaro ng'ambo.

Simba msiwatafute, hawapo. Chui yupo, ila yeye ndiye atakayekuona. Tembo hupita msituni. Kinachonifurahisha mimi ni kutembea kwa miguu: mnachukua askari mwenye bunduki, mnalipia, mnakwenda naye hadi maporomoko ya Tululusia. Nyati wakiwa karibu atawasimamisha kwa kuinua kiganja, na hapo hakuna anayebishana naye. Msivae nguo nyekundu zinazowaka, msibebe vyakula vyenye harufu mkononi, kwa sababu nyani wa sehemu ya kulia chakula ni wezi waliohitimu.

Wanaotaka kupanda Meru wenyewe wajipe siku tatu au nne, na kulala Miriakamba na kibanda cha Saddle. Hiyo ni safari nyingine na maandalizi mengine.

Jioni ya nyama, Kwa Mrombo

Rudini mjini, ogeni, pandeni kifodi cha Kwa Mrombo. Msiende mmeshiba.

Nyama iko imening'inia nyuma ya kioo, mbuzi na ng'ombe. Unachagua mwenyewe: mbavu kwa wanaopenda mafuta, paja kwa wenye haraka ya kutafuna. Simama karibu na mzani. Kilo itapimwa mbele yako, kipande kitatiwa alama ili kisichanganywe na cha meza nyingine, na kwa mchomaji mzoefu alama hiyo iko kichwani tu. Kisha mnangoja. Dakika 45, saa nzima. Mkaa unatema cheche mafuta yanapodondoka, mchomaji ananyunyiza chumvi na kugeuza bila kutazama, huku anabishana habari za Simba na Yanga na mtu wa meza ya nne. Nyama inaletwa kwenye ubao, anaikata mbele yenu, mfupa anamsogezea mkubwa wa meza. Pembeni chumvi kavu, pilipili, kachumbari, ndizi za kuchoma au ugali. Uma hamna, na anayeuomba wanamcheka kidogo.

Kwa wasiokula nyama, ulizeni kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, au makande. Na ukimpata mwenyeji wa Kiarusha au Kimeru wa kukualika kwake, usikatae loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Hotelini halipatikani kirahisi na tamu yake ni ya nyumbani.

Kuhusu maji: kunywa ya chupa. Maji ya ukanda huu yana madini ya floraidi mengi kutoka kwenye miamba ya volkano, na ndiyo yaliyoyapaka rangi ya kahawia meno ya wengi waliokulia hapa, mimi nikiwemo. Siku tatu hazitakudhuru meno, ila mtoto anayekua nisingemzoesha.

Hatua ya saba: siku ya tatu, Tengeru au Chemka

Ikiwa siku hiyo ni Jumatano au Jumamosi, usijiulize, nenda Tengeru, ndizo siku za gulio. Fika mapema, kabla ya jua kali. Anza na Ziwa Duluti, dakika chache kutoka barabarani. Ni ziwa la kreta, limezungukwa na msitu, lina njia ya miguu kulizunguka na mitumbwi ya kukodi. Asubuhi maji yanatulia kiasi kwamba Meru unaiona mara mbili. Karibu na hapo kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karibu watu 5,000 kutoka Poland, wengi wanawake na watoto, waliishi kambini Tengeru. Mlinzi atakufungulia. Kisha ingia gulioni.

Siku nyingine yoyote, na hasa mkiwa vijana, nendeni Chemka, wilaya ya Hai, mnakata kutokea Boma Ng'ombe. Wanaiita maji moto, na si ya moto. Ni ya uvuguvugu, ya buluu, yanachomoza chini ya mizizi ya mikuyu katikati ya nchi kavu ya vumbi, unaona hadi sarafu iliyoanguka chini. Kuna kamba ya kurukia. Epuka Jumapili, maana nusu ya Moshi inakuwa majini na spika zake. Kama hujui kuogelea, kodi boya, usione aibu. Kina kinaanza ghafla.

Tiketi ya kurudi kata jana yake. Zawadi usinunue stendi. Pale Tengeru mchagulie mtu wa nyumbani maparachichi magumu kabisa, yanayogonga kama mawe, na muuzaji akuulize unasafiri wapi. Ukimwambia Dar atayapanga kwenye boksi, gazeti kati ya kila safu, na kukuonyesha ya kula Jumanne na ya kula Alhamisi. Shangazi hakumwamini, akayabonyeza yote Korogwe. Yalifika yameiva kwa alama za vidole.